Mkono wa Mama Ngosha

Pale mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, habari haikuwa habari mpaka ipite kwenye benchi la Mama Ngosha. Nani amefumaniwa Nyakato, nani amerudi kwao Geita na mabati ya mume, mtumbwi wa nani umekamatwa na nyavu haramu, mchumba wa binti ya nani ameonekana upande wa Busisi akila sato na mwingine: yote yaliletwa kwanza mbele yake kama mzigo unaosubiri kukaguliwa, ndipo yakaruhusiwa kuendelea na safari. Jina lake la ubatizo ni Sabina, lakini ukimuulizia Sabina hapo sokoni utazungushwa mpaka miguu iote malengelenge. Muulizie Mama Ngosha. Au waambie unamtaka Mkono.

Kwa sababu kazi yake yenyewe, ukiacha hiyo ya habari, ilikuwa ya mkono. Dagaa wakifika kutoka visiwani wamejaa kwenye magunia, mnunuzi hawezi kumwaga kila gunia chini. Juu wanaweza kuwa wakavu, wanang'aa kama sindano, na katikati wakawa bado wabichi. Wakipakiwa hivyo kwenye lori la Kongo watafika wameota ukungu, na urafiki wa muuzaji na mnunuzi utaishia hapo. Basi anaitwa Mama Ngosha. Anakunja mkono wa gauni, anazamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, anavuruga mara mbili tatu, anatulia kidogo, halafu anatoa hukumu. "Wakavu." Au, "Hawa walianikwa chini, wana mchanga." Au, "Rudisha juani, unataka kuua watu?" Miaka kumi na tisa hakuna aliyembishia. Alikosea mara moja tu, mwaka juzi, siku ya mechi kubwa, na watu wakasema ni malaria.

Na alivyoheshimika! Akikunja tu ule mkono wa gauni, kelele zote za upande ule zilishuka. Wapagazi walitua mizigo taratibu. Suzana, mama lishe wa jirani, aliacha kugonga mwiko kwenye sufuria. Hata kinyozi wa pale pembeni, ambaye redio yake haikuwahi kupumzika tangu ainunue, alinyoosha kidole akaizima. Mama Ngosha aliipenda sana dakika ile. Alijiona kama padri altareni.

Ila alikuwa na siri, na siri kwa mtu wa umbea ni kama jipu mahali pa kukalia. Vidole vyake vilikuwa vimekufa.

Si kufa kwa kuoza, hapana. Ganzi. Ilianza kwenye ncha, ikapanda pingili kwa pingili, mpaka ikafika mahali ukimpa harage na kifungo cha shati hajui kipi ni kipi bila kutazama. Daktari akasema ni sukari, inakula mishipa ya fahamu, akampa vidonge na kumkataza soda. Soda aliacha. Vidole havikurudi. Na bado, kila alipozamisha mkono kwenye gunia, jibu lilikuja, tena sahihi. Lilitoka wapi, hakujua. Alijua tu kwamba anaishi kwa bahati, na kwamba bahati yenyewe haijamwambia itakaa mpaka lini. Siku ikiondoka, watu wangegundua kwamba Mkono hauna mkono. Benchi lingepata mwenyewe mwingine. Na mwanamke asiye na benchi analetewa habari na nani?

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatatu ile asubuhi, alipofika binti mwenye miwani ya duara na begi kubwa mgongoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

"Wa mwalimu Paulo wa Nyakato. Naitwa Evelina."

"Evelina! Si wewe uliyekwenda kusoma ng'ambo? Tuliambiwa umeolewa na Mzungu mwenye mguu mmoja."

"Mama! Nani kasema hivyo?"

"Mimi. Lakini na mimi niliambiwa." Mama Ngosha akamsogezea nafasi kwenye benchi. "Kwani ana miguu mingapi?"

"Hayupo kabisa."

"Basi hapo tumepunjwa. Kaa. Suzana! Mletee mgeni chai."

Chai ikaja inafuka mvuke. Evelina akagusa kikombe chake, akakiacha haraka juu ya benchi na kupuliza vidole. Mama Ngosha akakishika cha kwake kwa viganja viwili, akatulia nacho. Suzana alimtazama, akatazama kikombe, akarudi kwenye chapati zake.

Evelina akaeleza shida iliyomleta. Alikuwa anafanya utafiti. Kompyuta na simu, alisema, zinakutana na mtu kwa macho na kwa masikio, basi. Unaona kitenge kwenye simu, kizuri, kinavutia, lakini hujui ni kizito au chepesi, laini au cha kukwaruza, mpaka ukishike. Yeye na wenzake wanatafuta namna ya kuufanya mguso nao usafiri. Akafungua begi na kutoa glavu mbili nyeusi zilizojaa waya. Hii moja anavaa mtu anayegusa kitu, na ndani yake mna vidude vya kupokea kila mkwaruzo. Hii ya pili anavaa mtu aliye mbali, na kwenye vidole vyake mna vimota vidogo kama punje za mchele, vinatetema, ili mkono wake uhisi kile ambacho mkono wa mwenzake umeshika.

"Mzee Liaqat amekubali kuijaribu," alisema. "Jumamosi anakuja hapa."

Mzee Liaqat hakuhitaji kuelezwa kwa mtu. Babu yake alifungua duka Mwanza kabla ya reli kuchakaa, na yeye ndiye aliyekuwa akipakia malori mengi kuliko wote pale mwaloni. Magoti yalikuwa yamemchosha. Alitaka akae kwenye ghala lake Nyakato, avae glavu, ayahisi magunia akiwa huko huko.

"Na mimi naingia wapi?" Mama Ngosha aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Glavu lazima ifundishwe na mkono unaojua, Mama. Kila niliyemuuliza kaniambia ni wewe."

Kabla hajapata uongo wa kufaa, Mayala akadakia. Mayala alikuwa msimamizi wa wapagazi, na alimwoa binamu wa Mama Ngosha, kwa hiyo alikuwa na leseni ya kumtania mwaka mzima.

"Mkono wetu unaingia kwenye kompyuta!" alipaza sauti soko zima lisikie. "Shemeji, hata ukifa tutaendelea kukutuma kazi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sasa utakataaje hapo? Ukikataa, kesho wataulizana kwa nini. Na Mama Ngosha alijua kuliko mtu yeyote jinsi swali dogo la asubuhi linavyoweza kuwa habari nzima kufikia saa saba mchana.

Jumanne wakaanza. Evelina alikuwa amepewa chumba cha stoo nyuma ya ofisi ya soko, akapanga ndoo kumi na mbili za dagaa: wakavu, wenye unyevu, wenye mchanga. Akamfunga Mama Ngosha kitambaa machoni, akamvika glavu. Kisha akamwekea hedifoni kubwa masikioni, ndani yake unavuma mvumo kama wa redio iliyopoteza stesheni.

"Hii ya nini tena?"

"Ili usisikie kitu," Evelina alipiga kelele. "Nataka tuwe na uhakika kwamba ni mkono peke yake unaofanya kazi!"

Mama Ngosha akazamisha mkono kwenye ndoo ya kwanza, akasubiri jibu.

Halikuja.

Akavuruga tena. Ilikuwa kama kupapasa hewa. Akajaribu ndoo ya pili, ya tatu. Mvumo ukawa unamjaa kichwani, na huku chini mkono unazunguka peke yake kama wa mtu mwingine. Akaanza kubahatisha. "Wakavu," alisema. "Wana mchanga. Wakavu." Jasho likamtiririka mgongoni. Alipovuliwa kitambaa, Evelina alikuwa anatazama kompyuta na kukuna shingo.

"Ngapi?" Mama Ngosha aliuliza.

"Labda waya zangu zina matatizo."

"Nimekuuliza ngapi."

"Tano."

Tano kati ya kumi na mbili! Hata mbuzi angepata sita.

Siku hiyo Mama Ngosha aliondoka sokoni mapema, jambo ambalo lenyewe lilizua minong'ono. Kesho yake akamwalika Evelina nyumbani kwake kula chakula cha mchana, kwa sababu alikuwa ameamua: afadhali amwambie mwenyewe kuliko binti ayasome kwenye kompyuta yake na kuyaandika kwa Kiingereza.

Ila kusema siri katika nyumba ile ilikuwa shughuli. Sebuleni walikuwa wajukuu wanne na wapangaji wawili. Jikoni alikuwa shangazi wa Kisesa, aliyekuja mwaka jana kukaa wiki moja. Chumbani kulikuwa na mtu amelala ambaye Mama Ngosha mwenyewe hakuwa na hakika ni nani. Walizunguka mpaka wakaishia nyuma ya tangi la maji, katikati ya kuku, na hapo ndipo akamnyooshea Evelina vidole pamoja na pini ya nguo.

"Nichome."

"Mama?"

"Nichome, nimesema."

Evelina akamgusa kwa ncha ya pini, kwa woga, kidole kimoja kimoja. Mama Ngosha akawa anatazama kuku.

"Mwaka wa pili huu," alisema. "Sasa unajua. Waya zako ni nzima."

Alitegemea binti atamhurumia, au atatoroka na begi lake. Lakini miwani ile ikameta, uso ukang'aa kama wa mtu aliyeokota kitu njiani, na Mama Ngosha akaudhika.

"Unafurahia nini?"

"Subiri, Mama. Mimi nimeulizia soko zima. Wameniambia hukosei. Sasa hapo benchini unajuaje?"

"Ningejua si ningekuambia?"

Evelina akakimbilia jikoni, akarudi na mabakuli mawili ya dagaa, moja kalinyunyizia maji na kulichanganya. Akamfumba macho kwa kitenge. Masikio akayaacha. Mama Ngosha akazamisha mkono huku, akazamisha kule, na majibu yakaja pale pale, bila kuitwa. Wakavu. Wabichi. Akamvika hedifoni yenye mvumo. Giza tena. Akamvua. Wakavu. Wabichi.

"Ni masikio," Evelina alisema taratibu. "Mama, vidole vilipoondoka, masikio yalishika kazi, hayakukuambia tu."

Mama Ngosha akarudisha mkono kwenye bakuli, safari hii akitega sikio kwa makusudi. Kumbe! Wale wakavu walikuwa wanapiga kelele, wanavunjikavunjika na kunong'ona kama maganda ya mahindi. Wale wenye maji walikaa kimya kama diwani aliyekula hongo. Miaka miwili walikuwa wanamwambia kila kitu, na yeye anaishukuru bahati.

Wakati huo akatokea Mayala, ambaye pua yake haikuwahi kukosea nyumba yenye ugali. Evelina akamkamata. Akamwambia huu ni mchezo wa kompyuta, afumbe macho, akamvika hedifoni, akabana kipaza sauti kidogo kama punje ya mhindi ukingoni mwa bakuli lenye dagaa wabichi, akachezea vitufe ili kila mkwaruzo uingie masikioni mwa Mayala ukiwa mkali, wa kukatika, kisha akamzamisha mkono humo.

"Sema, ni wakavu au wabichi?"

"Wakavu hawa!" Mayala alijibu kwa kelele, kama mtu asiyeisikia sauti yake. "Wakavu kabisa! Hawa ukiwaachia njiti ya kiberiti wanawaka!"

Evelina akamvua hedifoni. Mayala akautoa mkono, akautazama unavyodondosha maji.

"Ee! Nani kamwaga maji humu?"

Mama Ngosha alicheka mpaka kitenge kikamwanguka, kuku wakatawanyika. Mayala akaenda zake kula, ananung'unika kuhusu uchawi wa ng'ambo.

"Umeona?" Evelina alisema. "Yeye vidole vyake ni vizima, na bado mkono umefuata masikio. Watu wote tuko hivyo, ila wewe umefika mbali zaidi. Sasa Jumamosi nikibana hiki kipaza sauti kwenye glavu yako, na Mzee Liaqat nikampa hedifoni..."

"Hapana."

"Lakini Mama..."

"Ukitia sauti watauliza sauti ya nini. Utasema Mama Ngosha anasikiliza. Watauliza, kwani mkono una nini? Kufikia jioni niko nyumbani namenya viazi na shangazi wa Kisesa." Akamshika Evelina begani. "Mwanangu, niahidi."

Evelina akakitazama kile kipaza sauti kiganjani mwake. Kisha akakitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi na kufunga zipu.

"Nakuahidi."

Jumamosi watu walijaa kama vile kuna mnada. Turubai lilining'inizwa katikati. Upande mmoja yalisimama magunia matatu na Mama Ngosha. Upande wa pili aliketishwa Mzee Liaqat kwenye kiti cha kinyozi, glavu mkononi, asiweze kuona kitu.

"Mama Ngosha, mkono haujambo?" aliita kutoka kule.

"Haujambo, Mzee. Magoti je?"

"Yananisalimia kila hatua!"

Mama Ngosha akakunja mkono wa gauni. Redio ikazimwa. Suzana akatuliza mwiko. Akazamisha. Gunia la kwanza lilikuwa kavu, lilimwambia hata kabla kiwiko hakijafika. La pili lilikuwa kavu juu, likanyamaza katikati. La tatu lilisaga meno kwa mchanga. Yeye alikuwa na majibu yake tayari.

"Mzee, la kwanza unahisi nini?" Evelina aliuliza.

"Inatetema."

"Inatetema vipi?"

"Kama simu mfukoni."

"La pili?"

"Simu."

"Na la tatu?"

"Simu tena. Binti, ni wewe unayenipigia?"

Soko likaangua kicheko. "Ipokee, Mzee!" mmoja akapiga kelele. "Mwambie upo kikaoni!" mwingine akaongeza. Evelina alirekebisha waya, akabonyeza vitufe, wakarudia tena, na tena ikawa simu. Miwani ilikuwa imemteremka mpaka puani. Mama Ngosha akaona mkono wake ukienda kwenye begi, kwenye ule mfuko wa pembeni, vidole vikashika zipu. Binti akainua macho, wakatazamana. Kisha akaiachia zipu, akarudi kusimama mbele ya watu wanaomcheka.

"Si kitu, binti yangu," Mzee Liaqat alisema kwa upole, akitafuta fimbo yake. "Rudi ukaitengeneze. Mwakani tutajaribu tena."

Sasa hapo, ukipiga hesabu, mambo ya Mama Ngosha yalikuwa yamenyooka. Mashine imeshindwa, Mkono umebaki Mkono, benchi liko salama. Hakutakiwa kufanya chochote ila kunyamaza. Na kunyamaza ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukifanyia mazoezi.

"Mzee, usiinuke!" alisikia sauti yake ikisema. "Evelina, toa kile kipaza sauti."

"Mama, una uhakika?"

"Kitoe kabla sijabadilisha mawazo."

Akasogeza turubai pembeni ili watu wote wamwone, Mzee Liaqat akiwa mmojawapo.

"Nisikilizeni. Vidole vyangu vimekufa. Mwaka wa pili huu. Sihisi dagaa, sihisi mchanga, hata nikimfinya Mayala hapa kelele atapiga yeye, mimi sitahisi kitu. Nawasikiliza tu. Dagaa wakavu wanasema, wabichi wananyamaza. Huyu binti alijua, akakubali mumcheke ili mimi nisiumbuke. Basi. Kama mlikuwa mnafuata vidole, mmedanganyika."

Akasubiri mayowe. Alikuwa ameyasikia mayowe hayo mara nyingi kichwani, alijua hata nani atayaanza.

Suzana akageuza chapati.

"Haya," Mayala alisema. "Tuendelee?"

"Hamjanisikia?"

"Tumekusikia, shemeji. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kwamba vidole vimekufa. Tangu ile siku uliponyanyua mfuniko wa sufuria ya Suzana mikono mitupu, ukasimama nao ukitusimulia ndoa ya binti wa Chenge mpaka ukamaliza."

"Na ndoa ile ilikuwa ndefu," Suzana alisema, bado hajainua macho. "Mimi nilikuwa nanusa nyama ikiungua, nikajua si ya kwangu."

Mama Ngosha akaigeuza mikono, akavitazama viganja vyake.

"Mwezi ule ule ukakosea gunia," kinyozi akaongeza, na alionekana ana kinyongo cha siku nyingi. "Siku ya mechi, redio yangu ilikuwa juu. Mayala akanifuata, akaniambia Mama anatumia masikio huyu, akikunja mkono wa gauni, zima. Nimezima miaka miwili. Unajua magoli mangapi yamenipita?"

Mama Ngosha akakumbuka padri na altare, akaona aibu kidogo, kisha akageukia kiti. "Na wewe, Mzee Liaqat?"

"Mke wangu aliambiwa na fundi cherehani."

"Na ukaendelea kuniita?"

"Tangu hapo magunia mangapi yamerudi kutoka Kongo?" Mzee Liaqat akainua mabega. "Hakuna hata moja. Mimi nanunua jibu, Mama. Ulitoe kwenye kidole, ulitoe kwenye sikio, hiyo ni shauri yako. Haya binti, nivalishe hivyo vitu, magoti yanapoa."

Turubai likarudishwa. Kipaza sauti kikabanwa kwenye glavu ya Mama Ngosha, hedifoni ikapanda juu ya kofia ya Mzee Liaqat. Redio ilikuwa imezimwa muda mrefu.

Gunia la kwanza. "Ah!" alisema Mzee. "Hawa wanavunjika. Wakavu, naam."

La tatu, kwa sababu Evelina aliruka makusudi kumjaribu. "Mchanga. Huyu aliyeanika chini mwambieni nitamtafuta."

La pili. Mama Ngosha akashuka polepole, akapita tabaka kavu, akafika pale panaponyamaza.

"Baridi," Mzee Liaqat alisema hatimaye. "Juu ni wazuri, lakini hapa katikati pana ubaridi. Pana maji."

Evelina alikuwa anaandika haraka kiasi kwamba kalamu ilitoboa karatasi. "Glavu haina baridi!" alimnong'oneza Mama Ngosha. "Ina vimota tu! Sikuweka kitu cha baridi humo!" Na Mzee Liaqat alipoivua, watu wote walimwona akijifuta kiganja kwenye suruali, mara mbili, na kukitazama kwa mshangao kilivyokuwa kikavu.

"Jumatatu saa mbili," alisema akiinuka. "Mimi niko ghalani, wewe Mama Ngosha uko hapa. Zamisha, mimi nitasikiliza. Lakini jibu utanipa wewe. Mimi masikio yangu bado ni mwanafunzi."

Watu wakamshangilia Evelina, wale wale waliokuwa wakimcheka, wakamkamata kila mmoja anataka kujaribu glavu. Ilichukua muda mpaka akafanikiwa kujichomoa na kuja kwenye benchi. Mama Ngosha alikuwa amekaa peke yake, mdomo ameubana, anatazama ziwa.

"Mama, umekasirika?"

"Sana."

"Nisamehe. Labda nisingekuja, usingelazimika kusema..."

"Sijakukasirikia wewe." Mama Ngosha akapiga benchi kwa kiganja, paa, kikombe kikaruka. "Miaka miwili! Habari ya miaka miwili, Evelina! Imezunguka soko hili lote, imepanda mpaka Nyakato, imefika kwa mafundi cherehani, na haikupita hapa! Mimi nimekaa hapa hapa! Nani aliianzisha? Nani alimwambia nani? Mbona hakuna aliyekosea akaniletea?"

"Tuliapishana," Mayala alisema kwa mbali, akiwa tayari kukimbia.

"Mliapishana lini? Wapi? Nani alikuwepo? Njoo hapa. Suzana, hizo chapati zitajipika, njoo ukae. Nataka yote. Anza na mfuniko."

Suzana akaja, na kikombe cha chai mkononi. Safari hii alikuwa amekizungushia kitambaa, wazi wazi, mbele ya watu.

"Kwanza shika hivi, Mama. Ya moto."

Mama Ngosha akakitazama kile kitambaa. Akakipokea, akakibana vizuri kuzunguka kikombe, akasogea kuwaachia nafasi, na benchi likajaa mpaka Evelina akabaki amekalia nusu.

"Haya," alisema. "Mfuniko."

Kinyozi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameiwasha redio, akaizima tena. Safari hii hapakuwa na gunia lolote. Na yeye alitaka kusikia.